Kibali cha Kulia Dohanini

Kamati ya Kuratibu Machozi katika Ushairi iliutangazia mji wote wa London kwamba, kuanzia leo, hakuna mtoto wa kufagia dohani atakayelia shairini bila kibali. Utafiti wa kina, uliofanyika wakati wa chakula cha mchana, ulikuwa umebaini kuwa watoto hao hawalii. Wanatokwa na furaha kwa njia ya macho.

Tabitha Garrod, mshairi mchanga, alisimama mbele ya kamati kuomba kibali. Shairi lake lilimhusu Ned, mtoto wa jirani, mwenye umri wa miaka saba, aliyeuzwa kwa fundi wa dohani. London ikilisikia, aliamini, haitampandisha tena Ned kwenye matofali ya moto.

Mwenyekiti, Mheshimiwa Lambert Ollive, alisoma mstari wa mwisho. "'Machozi haya ni ya kweli.' Hapana. Weka 'anaimba.'"

"Magoti yake yanatoka damu, mheshimiwa."

"Basi sema ni mekundu kama waridi. Nyie washairi si mnapenda maua?"

Akaufuta mstari huo mwenyewe. Kisha, kwa kuwa baridi ilimsumbua, akaagiza makaa yaongezwe motoni. Dohani ilikuwa imeziba kwa masizi; moshi ukageuza njia, ukaja kuhudhuria kikao.

"Leteni mtoto apande!"

"Leo hapandi mtu, mheshimiwa," mhudumu akajibu akikohoa. "Ni Mei mosi, sikukuu yao pekee. Wako nje wanacheza."

Wajumbe wakatimua mbio nje, weusi tii kwa masizi, wakaangukia katikati ya watoto waliokuwa wakicheza na kugonga burashi zao. Watu wakadhani ni kundi jipya la wachezaji. Wakawatupia sarafu.

Tabitha akaona hakuna wa kumzuia. Akapanda ngazi ya mlango, akasoma shairi lake kwa sauti. Umati ukasikiliza. Alipofikia mstari uliofutwa, akasita.

"Babu, hujui kucheza," Ned, aliyekuwa miongoni mwa watoto waliocheza, alikuwa akimwambia mwenyekiti, "lakini kulia unajua!"

"Mjinga we, sichezi!" Mheshimiwa Lambert akapaza sauti, akijifuta macho yaliyowashwa na moshi. "Machozi haya ni ya kweli!"

Makofi yakalipuka. Muuza maziwa mmoja akapenga kamasi kwenye aproni. "Dohani yangu," akasema, "hapandi mtoto tena."

Ned akamvuta Tabitha sketi.

"Dada, huyu babu ana kibali?"