Ubao wa Watu Wasio na Mikono

Jumatatu, 7 Agosti

Nimekwisha. Baba ameanguka kutoka mgongoni mwa nyumbu, mkono umeteguka, na Jumamosi Don Abilio anaezeka nyumba mpya. Baba alisimamia ubatizo wa mtoto wake, kwa hiyo ubao wa boriti ni zawadi yetu: ukoo wake mzima uchorwe juu yake, ubao ukae darini mpaka nyumba ianguke. Mchoraji ni Baba, sasa nani achore? Tukinywa supu nilisema, kwa sauti ndogo sana, kwamba nimesoma kitabu cha kuchora mara tatu. Baba akasema basi mwanangu, ubao wako. Lakini nimesoma tu! Sijachora!

Jumanne, 8 Agosti

Watu kumi na wanne. Kitabu kinasema kichwa huanza na yai. Nimechora mayai kumi na manne. Mazuri! Kisha mkono wa Bibi Teodosia, mama yake Don Abilio. Umetoka mguu wa kuku. Nikarudia. Kuku mgonjwa. Bibi huyu aliwahi kumfukuza fahali kwa kijiti chake cha kusokotea sufu. Mimi si fahali.

Jumatano, 9 Agosti

Nilda wa jirani, mwenye penseli za rangi ishirini na nne, amechungulia. Akauliza hawa ni watu au viazi. Akasema mikono atanichorea, nikimwomba vizuri. Sikumwomba. Nimefuta mpaka ubao umechimbika.

Alhamisi, 10 Agosti

Nimepata! Wanaume wote mikono ndani ya poncho, joho la sufu, wanawake ndani ya shali. Watu kumi na wanne, kidole hata kimoja hakuna! Mbona kitabu hakikuwaza hili?

Jumamosi, 12 Agosti

Tuliupeleka ubao kwa kinubi na ngoma. Ukaegemezwa ukutani ukaguliwe kabla ya kupandishwa. Watu wakauzunguka na vikombe vyao vya chicha, pombe ya mahindi. Wakainama, kama wanatafuta kitu. Ndipo nikakumbuka mbao zote za Baba: huyu analima, huyu anafuma, huyu anapiga kinubi. Kila mtu na kazi yake. Mimi nimechora ukoo wa wavivu!

Bibi Teodosia akasogea. Akauliza we mtoto, mikono yangu umeila? Yeye anasokota tangu ana miaka mitano, leo vitukuu waje waseme alikuwa anaota jua tu? Mtu nyuma akadakia, na Abilio je, anajikuna humo ndani? Kicheko. Don Abilio hakucheka.

Bibi akakaa juu ya jiwe, akashika kijiti chake mbele ya pua yangu. Akasema chora, bila hivyo ubao haupandi. Nikachora yote miwili. Vidole vyake vimepinda, vina mafundo, kucha nene. Mguu wa kuku kabisa! Nikafumba macho nisubiri kipigo. Akaweka mikono yake kando ya mchoro. Akasema hiyo yangu. Kisha akasema bado ishirini na sita, na wenyewe wakapanga foleni.

Jumapili, 13 Agosti

Ubao uko juu. Vidole vyangu havikunjiki. Asubuhi amekuja Don Fortunato, anajenga mwezi ujao, anataka achorwe pamoja na farasi wake watatu. Nimekubali, niliogopa kukataa. Alikaa saa nzima akisifu kwato zao, kila ukwato na historia yake.

Kwato siwezi. Ila nimeshatuliza moyo: nitawasimamisha kwenye nyasi ndefu.