Pipa la Dobi na Matairi Yangu

Jumanne, 4 Machi
Nimemkosea jirani yangu, dobi. Nimetoboa pipa lake la maji ya mvua kwa msumari, yeye kaenda kurudisha nguo za watu. Sababu ni mbu. Wanatuuma miguu mchana kutwa. Mke wangu anasema wanatoka kwenye matairi niliyorundika nyuma ya nyumba. Matairi ya mradi wangu wa viti! Nikamwambia mbu ni wa pipa, tusitafutane. Sasa pipa limekauka na roho haitulii. Nakaa, nasimama.

Jumatano, 5 Machi
Dobi hajafua. Bomba letu linatoa maji likijisikia, kwa hiyo bila pipa hana kazi. Kaniuliza nani kalitoboa. Nikasema labda panya. Akasema basi panya huyo kasomea useremala. Mbu wako vilevile. Mmoja kaniuma kisigino nikiwa katikati ya uongo.

Ijumaa, 7 Machi
Nimemwita bwana afya, alitie pipa hatiani, dobi mwenyewe akisikia. Kauliza mbu gani. Nikasema mbu ni mbu. Akasema hapana, mzee. Wa malaria anauma usiku, anataga kwenye madimbwi yanayopigwa jua. Yule anayepiga kelele sikioni usiku anapenda mitaro michafu. Huyu wangu wa mchana, mwenye madoa meupe miguuni, anataka maji yaliyotulia kwenye vyombo. Nikadakia: pipa hilo. Akatazama. Lina kifuniko cha chandarua, kimekazwa kwa mpira. Akaenda kwenye matairi, akachota kikombe. Viluwiluwi wanakata mauno. Nikainama kuona vizuri, msumari ukadondoka kutoka mfuko wa shati. Dobi akauokota, akaniamkia mbele ya mke wangu: shikamoo, panya.

Jumamosi, 8 Machi
Nimekiri. Dobi kasema msamaha haufui nguo. Wateja wawili washahama. Mke wangu anaongea na sufuria tu. Nimemwaga maji ya matairi yote, nimelala, nimeamka, nimepata wazo.
Jumatatu asubuhi, kabla dobi hajafungua mlango, pipa nitakuwa nimeshaliziba kwa lami. Na asikwame tena, pembeni nitampangia matairi yangu sita, nimeyasugua, nimeyajaza maji safi hadi juu. Akiba yake. Vifuniko sitaweka, achote kwa raha.