Malalamiko Dhidi ya Bibi Noi, Mwenye Nyumba wa Binti Yangu

Evaristi Sichalwe,
Chanji, Sumbawanga,
Rukwa, Tanzania.

Kwa Mheshimiwa Mwenyekiti wa Mtaa,
Mtaa anaopanga binti yangu Jane,
Chiang Mai, Thailand.

YAH: JANE EVARISTI KUTUNZWA KUPITA KIASI

Mheshimiwa,

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Pole na majukumu. Sisi huku Ufipa ni wazima, upepo wa Agosti unavuma na mahindi yameshaingia ndani. Jane ameniambia kwamba hajawahi kumwona mwenyekiti wa mtaa huko kwenu. Nilimjibu kwamba hakuna mahali watu wanaishi bila mwenyekiti, ila yeye hajapata shida ya kumfikisha ofisini kwako. Huko kukosa shida ndiko kulikonifanya nishike kalamu. Jirani yangu, Mwalimu Cleophas, ameahidi kuigeuza barua hii iwe ya Kiingereza bila kupunguza neno.

Jane ni kitinda mimba wetu. Alikuja kwenu Oktoba iliyopita kufundisha watoto wadogo, kwa mkataba wa mwaka mmoja. Siku ya kumsindikiza nilisimama mbele ya ukoo nikasema, "Mwanangu, utateseka, lakini vumilia." Ukoo mzima uliitikia. Mama yake alilia. Mimi nilimfungia unga wa ulezi, blanketi zito na sweta. Kwa kifupi, tulijiandaa kikamilifu kwa mateso yake, na hayakutokea. Aliangukia mikononi mwa mwenye nyumba wake, mjane aitwaye Bibi Noi, ambaye mwenendo wake ni kama ifuatavyo:

1. Amejitwalia cheo cha shangazi. Jane humwita "Pa Noi", na nilipouliza nikaambiwa kwamba kwa lugha yenu "pa" ni shangazi. Mheshimiwa, kwetu shangazi hajitokezi tu barabarani. Shangazi wa Jane ni dada yangu Rosina, anayeuza dagaa kule Wampembe, na hajafa wala hajajiuzulu. Nafasi haikuwa wazi. Nilimpigia Rosina nikitegemea kwamba atawaka. Akasema, "Kaka, hebu nipe namba yake."

2. Anampikia. Unga wa ulezi uliisha na Jane hakuomba mwingine. Bibi huyu humpa wali wa kunata, unaofinyangwa kwa vidole na kuchovywa kwenye mboga, yaani ugali kwa jina lingine. Mtu aliye ugenini anatakiwa aote ugali. Sasa huyu ataota nini? Zaidi ya hayo, amenenepa. Picha zake zimezunguka Chanji nzima, na watu wananisimamisha njiani: "Mzee Evaristi, ndiye huyu uliyetuambia tumwombee?"

3. Sweta. Mke wangu Kristiana alilifuma kwa mikono yake. Mwezi Januari nililiona kwenye simu, limevaliwa na Bibi Noi. Jane akajitetea kwamba asubuhi hiyo kulikuwa na ubaridi na bibi alikuwa anatetemeka. Nilifungua mdomo kukemea, mke wangu akaninyang'anya simu, akasema limempendeza. Sasa anamfumia la kwake. Naomba lalamiko hili liandikwe kwa jina langu peke yangu.

4. Dini. Hapa nilitegemea kupata hoja nzito. Jane, ambaye hapa nyumbani tulikuwa tunamwamsha kwa kugonga sufuria, huko kwenu anaamka kabla ya jua kumsaidia Bibi Noi kuandaa chakula cha watawa wenu wanaopita peku na mabakuli yao. Nikakimbilia kwa paroko. Paroko akampigia Jane mwenyewe, na ndipo tukagundua kwamba kila Jumapili bibi huyo, mwenye mvi kichwa kizima, humpakia Jane kwenye pikipiki hadi kanisani, kisha hukaa nje kivulini akimngoja mpaka misa iishe. Paroko alikata simu akasema atamweka kwenye sala zake. Nikamuuliza, "Jane?" Akasema, "Hapana. Huyo bibi."

5. Homa. Hili nilitaka kulipita.

Tulipokuwa tunavuna, Jane aliugua homa ya dengi. Bibi Noi alimpeleka hospitali, akalala kwenye kiti kando ya kitanda chake mpaka homa iliposhuka. Mimi sikujua. Rosina alijua. Bibi Noi alimpigia kwa simu ya Jane. Wawili hao hawana hata neno moja wanaloelewana, kwa hiyo alimwonyesha tu Jane amelala, akaweka kiganja kwenye paji la uso wa mtoto, akatikisa kichwa, halafu akaielekeza simu kwenye dripu. Rosina akaelewa yote. Tangu hapo wakawa wanapigiana kila siku, wanatazamana na kumtazama mgonjwa, na mimi niko shambani nawapigia kelele vibarua kuhusu magunia.

Nilipomgombeza Rosina alinijibu, "Ungejua ungefanya nini, kaka? Ungepanda basi la Namanyere uende wapi?"

Nikampigia Jane. Nikamuuliza kwa nini alinificha.

"Ulikuwa unavuna, baba."

"Nani alikuwa anakupa maji?"

"Pa Noi."

Nilikata simu nikaenda kukagua ghala, ambalo halikuwa na tatizo lolote. Nilikaa humo muda mrefu.

Mheshimiwa, mtoto huyu alipopata surua ni mimi niliyembeba mgongoni, kwa sababu mama yake alikuwa amelazwa. Kazi hiyo ilikuwa na mwenyewe. Haiwezekani mtu akaichukua kwa sababu tu yeye ndiye aliyekuwa karibu.

6. Matokeo ya yote hayo. Wiki iliyopita Jane alipiga simu na kusema kwa sauti ndogo, ile aliyokuwa akiitumia alipovunja kitu, "Baba, naomba niongeze mwaka mwingine." Mheshimiwa, mwaka huu tumevuna sana. Magunia yamejaa sebuleni mpaka wageni wanayakalia, maana nimekataa yasiingizwe chumbani kwa Jane. Mke wangu anasema chumba ni chumba tu. Mimi nimesema mwenyewe anarudi Oktoba. Sasa nitawaambia nini wageni?

Kwa hiyo naiomba ofisi yako imhamishe Jane, apelekwe kwa mwenye nyumba wa kawaida, yaani asiyejua jina lake, anayefunga geti mapema na kukata maji bila taarifa. Siombi ukatili, ukali wa wastani unatosha. Mvua imnyeshee mara mojamoja bila mtu kumkimbilia na mwavuli. Akitendewa hivyo kwa muda mfupi tu, nina hakika atakumbuka kwao. Ikishindikana, Bibi Noi apewe onyo la maandishi na akatazwe kuchemsha kitu chochote Jane anapokuwa ndani ya nyumba.

Wasalimie wajumbe wako wote, watoto wanaofundishwa na Jane, na wale watawa, wavae viatu jamani. Kristiana anakusalimu. Rosina anamsalimu Bibi Noi, na amemtumia dagaa kupitia kwa mwanafunzi mmoja anayesafiri kuja huko; salamu hizo nazifikisha bila kuziunga mkono.

Wako katika ulinzi wa watoto wa wenzetu,

Evaristi Sichalwe
(Mkulima, na Mwenyekiti Mstaafu wa Kamati ya Maji)

N.B. Kabla Mwalimu Cleophas hajaanza kutafsiri, Jane amepiga simu. Mama yake alimdokeza habari za barua hii, naye, kwa utii ambao sikuwahi kuuona alipokuwa hapa, ameshahama. Amepata chumba kwenye jengo refu, juu kabisa. Mwenye nyumba ni kampuni. Mlango unafunguliwa kwa namba.

Nikamuuliza, "Majirani wakoje?"

"Sijawaona, baba."

"Homa ikirudi, utamgongea nani?"

Akasema, "Si ndivyo ulivyotaka?"

Mheshimiwa, sivyo. Tafadhali barua hii isomwe kuanzia hapa, kule juu paachwe. Nenda mwenyewe kwa Bibi Noi, leo hii, umwambie awashe pikipiki akamtoe mtoto huko kabla giza halijaingia. Mwaka wa pili nimekubali, mradi autumikie katika nyumba ile. Na Jane akibisha, bibi asibishane naye, amburute tu. Ruhusa ya mzazi ndiyo hii, na nimetia sahihi.