Kona ya Nyumbani Ndiyo Yenye Mtandao

Jumatatu, 21 Julai 2025

Wiki ya tatu ya mazoezi ya kufundisha. Darasa la awali, kijiji cha kando ya ziwa, saa nzima kwa bodaboda kutoka Musoma mjini. Wenzangu wengi wa chuo wamepangiwa Iringo na Kitaji, mjini, kwenye lami na chipsi. Mimi Clever Mugeta, jina linajieleza, nimepewa watoto arobaini na mmoja wanaoongea Kijita na kamasi.

Asubuhi Madam Lukresia, mwalimu mlezi wangu, kanikalisha kwenye kiti cha mtoto. Goti likagusa kidevu. Akanikumbusha upya: simu haiingii darasani. Ukiongea na mtoto, chuchumaa umtazame machoni. Usimjadili mwalimu wala mzazi mbele ya mtoto. Una tatizo na mtu, mfuate mwenyewe, pembeni, kwa heshima. Miaka ishirini na mbili anafundisha, na bado anaamini watu wanafuatanaga pembeni kwa heshima! Nikamwambia asante Madam, nimejifunza mengi.

Ijumaa anakuja Mkufunzi Edwin wa chuoni kunikagua. Nikifeli, narudia mwakani. Maana yake mwaka mzima Butiama nikichunga ng'ombe wa baba mdogo Hezron, ambaye tayari kanichongea fimbo. Si utani. Kanitumia na picha yake.

Rhobi, mwanachuo mwenzangu, anafundisha chumba cha pili. Leo nimemkuta kachuchumaa. Hata mtoto hayupo! Eti anazoeza magoti.

Jumanne, 22 Julai

Ugunduzi mkubwa! Kijiji kizima mtandao wa shida, ila darasani kwangu, kwenye kona ya nyumbani, chini ya dirisha, unashika vizuri kabisa. Kona ya nyumbani ni pale watoto wanapochezaga baba na mama: masufuria ya makopo, kitanda cha maboksi, simu ya boksi la dawa ya meno. Saa nne, Madam kaenda jikoni kusimamia uji. Nikajibanza pale, nikampigia Thadeo wa Bunda, rafiki yangu tangu sekondari.

Usalama? Upo. Hawa watoto Kiswahili bado kabisa. Ukiwauliza jina wanaangalia dari. Na aliyekuwepo ni Matrida tu, miaka mitano, tangu nifike hajatoa neno kwa lugha yoyote. Alikuwa anasonga ugali wa mchanga. Nikamwaga yote. Kwamba Mwalimu Mkuu Kasmiri ni kamongo mtupu, kajizika ofisini kama yule samaki kwenye tope, anasubiri mvua. Kwamba Madam Lukresia wangempeleka magereza akawe askari. Thadeo hoi kwa kicheko. Moyo wangu mweupe.

Jumatano, 23 Julai

Mama Florian kaja juu. Eti jana getini nilimwambia mbele ya kina mama wenzake kwamba mwanawe anang'ata. Sasa anang'ata, hang'ati? Nilionyesha na alama! Madam akasema habari za mtoto zinasemwa pembeni, na unaanza na jema. Haya. Nikamvuta Mama Florian pembeni, nikaanza na jema: mwanao ana meno mazuri sana. Akakasirika mara mbili. Ndiyo faida ya mawasiliano.

Rhobi yeye kina mama wanamwachia watoto huku wanacheka naye. Sijui anawapaga nini.

Saa nne, dirishani. Nimempa Thadeo mpango wa Ijumaa: samaki, sato wawili wakubwa. Andalio la somo kweli sijaandika, lakini sato hasomi andalio. Thadeo akauliza kama mkufunzi atakubali. Nikamwambia yule ana shingo ya mtu anayependa sato, atasaini amefumba macho. Matrida alikuwa anamwogesha mdoli wa matambara. Kimya kama kawaida, Mungu ambariki.

Alhamisi, 24 Julai

Rhobi kanishauri nimwambie Madam ukweli kwamba andalio sina, atanisaidia leo leo. Yaani nimwombe msaada mtu ninayemkwepa! Halafu wanasema huyu ndiye anaongoza chuoni.

Akaniambia pia Matrida siku hizi anaigiza vizuri sana. Nikasema hongera kwake.

Jioni nimenunua sato mwaloni, kwa wavuvi. Wazuri, macho maangavu kuliko ya Mwalimu Mkuu.

Ijumaa, 25 Julai

Nimekwisha.

Mwanzo ulikuwa mzuri. Andalio nililiandika kwenye bodaboda, lakini tumehesabu vizibo mpaka kumi na hakuna aliyelia. Mkufunzi Edwin anaandika. Madam kasimama mlangoni. Mwalimu Mkuu naye kaibuka leo, bila hata wingu. Sato wako kwenye mfuko wa rambo chini ya meza yangu, wametulia.

Ikafika muda wa watoto kucheza kwenye kona. Mkufunzi akaenda kona ya nyumbani, akachuchumaa (naye!), akamuuliza Matrida anacheza nini.

Matrida akachukua boksi la dawa ya meno. Akaliweka sikioni. Akashika kiuno kama mimi. Akaegemea dirisha kama mimi. Kiswahili kikatoka! Kilichonyooka!

"Haloo Thadeo! Kamongo yupo ofisini, kajizika! Mvua bado! Askari magereza kaenda kwenye uji. Mkufunzi nampa sato wawili, anasaini amefumba macho. Ana shingo hiyo!"

Akacheka kicheko changu, chote, mpaka na kule kukohoa kwa mwisho.

Nikadhani ameishia hapo. Wapi! Watoto wengine wakashika viatu, vijiti, vikombe vya uji, wakaweka masikioni, darasa zima haloo Thadeo, haloo Thadeo. Kumbe ndiyo mchezo wao tangu juzi. Mkufunzi akajishika shingo. Mwalimu Mkuu akauliza kwa sauti ya chini kamongo ni nani. Florian akamnyooshea kidole yeye mwenyewe, halafu akamng'ata jirani yake. Na mfuko chini ya meza ukaanza kuvuja.

Niliona aibu. Nasema kweli. Nikaiona fimbo ya baba mdogo Hezron, na mimi nyuma ya mikia ya ng'ombe hadi uzeeni.

Mkufunzi alitaka nirudie mwaka. Wakaingia ofisini, nikabaki nje kama saa nzima. Madam Lukresia akatoka, akanivuta pembeni. Akaanza na jema: sauti yako inasikika vizuri. Kisha akaniambia kanitetea. Nimeongezewa wiki nne, chini yake, na barua ya kumwomba radhi Mwalimu Mkuu. Amewaambia Matrida hajaongea shuleni tangu Januari, na mtu aliyemfungua mdomo hawezi kukosa kipaji kabisa, hata kama kamfungua kwa upuuzi. Akasema ameumia kuitwa askari magereza. Akalisema hivyo hivyo, bila kufoka, ananitazama machoni. Afadhali angefoka.

Sato kawala mlinzi.

Jumatatu, 28 Julai

Rhobi kapata A. Sina maoni.

Mimi nimejichunguza wikiendi nzima, kwa uaminifu kabisa, na kosa nimeliona. Kosa lilikuwa Kiswahili. Mtu mwenye akili haongei siri zake kwa lugha ya taifa! Kuanzia leo simu zote ni Kizanaki, lugha ya kwetu Butiama. Thadeo mama yake Mzanaki, anasikia kila neno. Huku ziwani ni Kijita tupu, nani atatuelewa?

Leo tumepokea mtoto mgeni, Stanislausi, miaka mitano. Wazazi wake wamehamia juzi tu kutoka Butiama. Kijita hajui, Kiswahili hajui, mkimya, maskini. Madam akasema nimtafutie mahali atakapojisikia yuko kwao. Nikamweka kona ya nyumbani, chini ya dirisha.

Saa nne nimeongea na Thadeo nusu saa nzima, nimemaliza walimu wote na mlinzi juu. Stanislausi muda wote ananiangalia, uso umemchangamka, anaitikia kwa kichwa. Mtoto mzuri sana. Naona tumeshaelewana.