Nukta Iliyotembea

Jumamosi, 6 Desemba

Jambo hili sijamwambia mtu yeyote: nawaogopa wauza duka. Si nyoka, si radi. Wauza duka. Mtu akisimama nyuma ya kaunta akaniuliza anisaidie nini, kichwa changu kinakuwa kitupu. Mwaka jana niliingia kununua kalamu nikatoka na sabuni ya kufulia, kwa sababu ndiyo aliyokuwa ameishika muuzaji na sikuweza kumkatalia. Nilisema asante mara mbili.

Na Jumatatu nakwenda Bukoba kununua monita!

Monita ya steshenari ya Shangazi Annastella, hapa Muleba, imekufa. Ile kuukuu, yenye mgongo kama kobe. Ilizimika katikati ya kadi ya harusi ya Esther, binti wa jirani. Iliandika "Familia ya" kisha giza. Sasa Shangazi anataka ya kisasa, bapa. Tena ametangaza kwamba likizo hii anahitaji kijana mmoja tu dukani. Wa pili ataenda Rubafu kwa Babu Rwegasira kutandaza nyasi kibanjani, shambani kwake chini ya migomba.

Vijana tuko wawili. Mimi Avit, kidato cha tatu, mwandishi wa riwaya (sura tatu, kwa mkono, hazijasomwa na mtu). Na binamu yangu Kamala, ambaye hajawahi kumaliza kitabu lakini huzungumza na wateja kama aliyenyonya nao ziwa moja. Nikibaki dukani, jioni nitaichapa riwaya yangu. Nikienda Rubafu, nitabeba nyasi na kumsalimia kila mtu njiani, kwa Kihaya, salamu nzima, na habari za ng'ombe.

Lakini nina silaha. Makala! "Namna ya Kukagua Monita Mpya." Mteja aliichapa kwa Shangazi akaisahau. Nimeisoma mpaka naweza kuighani. Kumbe kioo bapa kina mamilioni ya nukta, na nyingine hufa. Wauzaji wanajua. Wanunuzi wajinga hawajui. Inatakiwa kukagua gizani, rangi moja ikijaza kioo kizima: nyeupe, nyeusi, nyekundu, kijani, bluu. Nukta iliyokufa huweza kufufuka ukiibonyeza polepole kwa kitambaa laini. Ajabu ya elimu!

Mstari wa mwisho wino uliisha. Unasema: "Ukiona nukta inayotembea, kamwe usi". Basi. Nimewaza mchana kutwa. Nimemalizia kwa penseli: kamwe usiogope. Ushauri mzuri hata nje ya kompyuta.

Jumatatu, 8 Desemba

Bukoba. Nilibeba fleshi yenye kurasa tano za rangi, lenzi ya maabara ya shule, na blanketi la kutengenezea giza. Shangazi aliuliza kama nahamia huko. Nikamwambia sayansi ina vifaa vyake.

Muuzaji anaitwa Lukmani. Mrefu, mcheshi, sauti ya mtangazaji wa mpira. Aliniuliza anisaidie nini. Nilitazama viatu vyangu. Shangazi akasema kijana ni mtaalamu, apewe nafasi. Mtaalamu! Masikio yalipata moto.

Niliwasha monita, nikajifunika blanketi pamoja nayo. Nyeupe. Nyekundu. Kijani. Jasho linatiririka. Nje ya blanketi nikasikia bibi mmoja akiuliza kwa huruma mtoto huyu anajifukiza homa gani, waitu, na mbona amejifunika na televisheni. Lukmani akamjibu kwamba hiyo ni dawa mpya, imeingia juzi. Duka zima likacheka. Bibi hakucheka. Aliniombea.

Kioo kilikuwa safi. Hakuna nukta hata moja iliyokufa. Nilisikitika kidogo. Nilikuwa nimejiandaa kumuumbua Lukmani kwa hoja tatu, ingawa sijui ningezisema kwa mdomo gani.

Tulipewa waranti ya wiki moja. Wakati wa kutoka, Lukmani alikuwa ameshika kitambaa laini cha kufutia kioo. Alinitazama. Nikakinunua kwa pesa yangu ya daftari. Asante, nikasema. Asante.

Jumatano, 10 Desemba

Balaa. Monita imefika salama, Kamala akaifunga nyaya zote nikiwa bado natafuta ukurasa unaoeleza nyaya. Ikawaka. Shangazi akapiga vigelegele, akamwita Kamala fundi. Mimi, niliyejifukiza Bukoba, niliambiwa nikunje maboksi.

Mbaya zaidi, mteja wa kwanza alitaka barua, Kamala akamchekesha, mteja akaongeza kopi ambazo hakuzihitaji. Shangazi akasema kwa sauti ya kuwaza kwamba Babu amepiga simu kuuliza kijana wake anafika lini. Alinitazama mimi.

Lazima niwe mtu asiyeweza kukosekana. Nimempa Shangazi taarifa ya kitaalamu: monita mpya ikihamishwa, nukta zinaweza kufa kwa mshtuko wa safari. Ni lazima ikaguliwe kila jioni gizani mpaka waranti iishe. Na mwenye ujuzi huo Muleba nzima ni mmoja.

Shangazi aliuliza kama makala inasema hivyo. Nikasema inaelekea kusema hivyo.

Alhamisi, 11 Desemba

Jioni, baada ya kufunga, nilizima taa zote nikajaza kioo rangi nyeupe. Kwa ajili ya joto nikafungua dirisha. Kioo kiling'aa kama mwezi uliokuja kuchapisha barua.

Nilisahau huu ni msimu wa senene, wale panzi wa kuliwa wanaofuata mwanga.

Waliingia kwa jeshi! Kwenye kioo, kwenye karatasi, kwenye kola yangu. Na vidudu vidogo vya ziwani nyuma yao kama vumbi. Nilipiga kelele. Kamala akaja mbio na ndoo, akiimba. Kwa muda mfupi alikuwa na senene wa kutosha mboga. Shangazi alipoonja wale wa kukaanga alisema tangu asubuhi Kamala ameingiza faida mara mbili. Nikamkumbusha kwamba mwanga ulikuwa wangu. Akasema ndiyo, na kelele pia.

Lakini ngoja. Walipotoka wote, nilirudi kwenye ukaguzi. Na pale, juu kushoto, NUKTA! Ndogo, nyeusi, ndani ya kioo kabisa. Nilifuta kwa kitambaa cha Lukmani. Haikutoka. Nukta mfu!

Nimefurahi kuliko ninavyopaswa. Nimebandika kipande cha gundi ya karatasi kando yake kama alama, nikamtangazia Shangazi. Alishika kichwa. Kadi za Esther ni za Jumanne.

Ijumaa, 12 Desemba

Nukta haiko kwenye alama. Iko katikati ya kioo.

Nimechunguza kwa utulivu. Maelezo ni haya tu: Kamala amehamisha alama usiku ili nionekane mwongo. Nilimshutumu mbele ya Shangazi. Kamala akainama, akatazama kioo, akasema taratibu, "Avit, bojo, hicho ni kidudu. Kimeingia na wale wa jana. Kiache, kitatafuta njia."

Nilimwuliza amesoma makala gani. Akasema hajasoma, ameona miguu.

Miguu! Nikamweleza kwamba wanaoona miguu ni wale wasio na nadharia. Shangazi akasema yeye hana nadharia wala muda, anataka kadi.

Mchana nukta ilikuwa kulia. Saa tisa ilikuwa chini, karibu na saa ya kompyuta. Niliitazama ikitembea. Nikakumbuka mstari wa mwisho wa makala. Ukiona nukta inayotembea! Mwandishi alijua! Ni jambo linalofahamika na wataalamu duniani.

Kamwe usiogope.

Jumamosi, 13 Desemba

Sikuogopa.

Nilisubiri Kamala aende kununua karatasi. Nukta ilikuwa katikati kabisa ya kioo, imetulia, kama inafikiri. Nilichukua kitambaa laini. Nilibonyeza polepole, kwa mduara, kama ilivyoandikwa.

Nukta ilisimama. Haijasogea tena. Imekuwa pana kidogo.

Nimemwambia Shangazi nimefanikiwa kuituliza. Alitazama. Alikuwa amefungua kadi ya Esther, yenye picha ya bibi na bwana harusi wakitabasamu. Nukta iko kwenye jino la mbele la bibi harusi. Shangazi alijaribu kuisogeza picha. Nukta ikahamia kwa bwana harusi, puani.

Shangazi hakupiga kelele. Alikaa. Alisema, polepole, kwamba pesa ya monita hiyo ilikuwa ya bati za nyumba. Sikujua hilo. Nilitamani arushe kitu.

Kisha akasema Jumatatu tunarudi Bukoba, na kwa kuwa mimi ndiye mtaalamu, mimi ndiye nitakayezungumza. Lukmani akibadilisha monita, nabaki dukani. Asipobadilisha, nyasi zinaningoja.

Sijala. Nimeandika hotuba.

Jumatatu, 15 Desemba

Hotuba ilikuwa nzuri. Ilianza na "Ndugu Muuzaji," na ilikuwa na hoja tatu. Njiani niliisema yote bila kukosea, nikiangalia dirishani.

Lukmani aliniuliza anisaidie nini.

Nilisema, "Nukta."

Akasema ndiyo. Nikasema, "Imekufa." Hapo hotuba ikaisha.

Lukmani aliwasha monita. Akaomba lenzi yangu mwenyewe, ya maabara. Alitazama muda mrefu. Akamwita msaidizi wake, naye akatazama. Yule bibi wa homa alikuwepo tena, Mungu ananijua, naye akatazama.

Lukmani akarudisha lenzi kwa heshima. Akasema amekaa miaka mingi na kompyuta na nukta zilizokufa ameziona za kila aina, ila hii ni ya kwanza kuwa na mabawa. Akamgeukia Shangazi. "Mama, waranti yangu haihusu mifugo."

Walicheka mpaka barabarani. Shangazi naye alicheka, na hilo ndilo lililoniuma zaidi, kisha akafuta machozi na sikujua yalikuwa ya upande gani. Lukmani akaeleza kwamba kidudu kikiingia nyuma ya kioo huachwa, au unazima monita na kuwasha taa pembeni, chenyewe hufuata mwanga na kutoka. Kisichotakiwa ni kimoja tu: kukibonyeza. Kikibonyezwa kinakaa milele. Akauliza nani alikibonyeza.

Nilikuwa natazama viatu vyangu.

Bibi akasema mwacheni mtoto, bado hajapona.

Wakati wa kutoka Lukmani alikuwa ameshika kitambaa laini. Nimenunua cha pili.

Jumanne, 16 Desemba

Kamala ameketi kwenye kiti. Amepata njia ya kufanya kazi: husogeza ukurasa mpaka kidudu kinaangukia mwisho wa sentensi, kinakuwa nukta. Kadi za Esther zimetoka safi. Shangazi anasema bati zitasubiri, kijana ni hodari.

Nilipokuwa nafunga begi Kamala alikuja akasema, "Niachie madaftari yako. Wateja wakipungua nitakuchapia hiyo riwaya." Alisema bila kucheka.

Ni dhahiri ana njama. Nimemkatalia. Nimeyafunga madaftari ndani ya blanketi.

Alhamisi, 18 Desemba

Rubafu. Nimesalimia watu wote. Ng'ombe wao wazima. Mabega yanauma kwa nyasi.

Babu Rwegasira ana televisheni mpya! Bapa, kubwa, imetumwa na baba mdogo kutoka Mwanza. Bado ina nailoni yake, na juu yake kitambaa cha kufuma. Babu aliniuliza mimi wa shule kama naweza kuiweka sawa, kesho kuna mpira na majirani wote wamealikwa.

Niliivua nailoni. Nilingoja jua lizame, nikazima taa, nikafungua dirisha kwa ajili ya hewa, nikachomeka fleshi yangu, nikajaza kioo rangi nyeupe. Babu aliuliza mbona mpira hauna wachezaji. Nikamwambia huu ni ukaguzi.

Baada ya muda ilionekana, kulia, karibu na kona. Ndogo. Nyeusi. Babu akasogea, akakunja macho, akamaka kwa Kihaya, "Mawe!", akasema kadudu kameingia humo, kanatembea, kaache kaende zake.

Nilimweleza Babu kwa upole kwamba mambo haya yana wataalamu wake, na kwamba kosa la Muleba lilikuwa moja: niliibonyeza ikiwa katikati. Huku iko pembeni, hali ni tofauti kabisa.

Kisha nikatoa kitambaa cha pili, kipya, nikakikunja mara mbili, nikabonyeza.