Choo Kisicho na Mlango

Jumatatu, 4 Machi

Balaa! Daktari tunayemchorea zahanati ametishia kwenda kwa wasanifu wengine. Bosi katuita, mimi na Rula, mwenzangu wa meza ya dirishani. Kasema mchoro ukikataliwa tena, mmoja wetu aanze kutafuta kazi. Aliposema mmoja, alikuwa ananitazama mimi. Rula akaitikia kwa kichwa. Huyo hata bosi akipiga chafya huitikia.

Na mchoro wangu ni mzuri! Chumba cha kusubiri kina madirisha mapana, wagonjwa wapate hewa. Ila bosi hapitishi mchoro bila kufuta au kuongeza kitu. Hawezi. Ni ugonjwa.

Jumanne, 5 Machi

Nimempatia dawa! Nimechora choo bila mlango. Kuta nne, hakuna pa kuingilia. Bosi atakiona, atafoka, ataweka mlango, roho yake itatulia. Madirisha yangu yatapona. Mama watoto kauliza kwa nini nisichore mlango tu, yaishe. Nimemwambia hajui mambo ya ofisini.

Jumatano, 6 Machi

Bosi kakikodolea macho choo. Nikauma midomo nisicheke. Akasema hatimaye nimeanza kukomaa, choo kimetulia, hakina mbwembwe. Kisha akafuta madirisha yote! Rula kasema hata yeye yalikuwa yanamkera.

Nilipaswa kusema ukweli palepale. Lakini bosi hajawahi kunisifu tangu aniajiri. Nikanyamaza, nikatabasamu. Mjinga mimi.

Alhamisi, 7 Machi

Daktari kaja. Kauliza mgonjwa ataingiaje chooni. Nikatamani ardhi inimeze. Bosi akasema lile lilikuwa wazo langu, yeye alilipinga tangu mwanzo. Rula akaitikia kwa kichwa. Daktari kauliza pia mbona chumba cha kusubiri hakina hata dirisha moja. Hilo nalo likawa langu.

Ametupa muda mpaka Jumatatu. Bosi kaniachia mchoro mezani, na kando yake boksi tupu la kuwekea vitu vyangu. Nimerudi nyumbani sina hamu hata ya kula.

Ijumaa, 8 Machi

Mama watoto kanisihi, karibu alie, nichore zahanati ya kawaida tu. Nimemuahidi.

Madirisha nimeyarudisha. Mlango wa choo nimeuweka. Nimekaa nikatafakari nilikosea wapi, na sasa naona. Kosa lilikuwa dogo mno, ndiyo maana bosi hakuliona.

Safari hii nimefuta mlango wa mbele wa zahanati. Huo hawezi kuacha kuuona.