Supu ya Mwani na Nafasi ya Nne

Jumatatu, 12 Mei
Timu ya shule ya mashindano ya uchumi imebakiza nafasi moja, ya nne. Mchujo ni Ijumaa, baada ya chakula cha mchana. Nafasi ni yangu. Lazima iwe yangu, maana nimeshampigia simu Bibi huko mji wa bandari wa Mokpo kumwambia nimeteuliwa, naye ameshatangazia soko zima la samaki. Kikwazo ni mmoja: Tak Haram, jirani yangu wa dawati, anayesoma hata kwenye foleni ya chakula. Leo amenipa daftari lake la muhtasari. Eti tusaidiane. Nimemshukuru, nikaweka kikombe juu ya daftari.

Jumanne, 13 Mei
Nimepata dawa yake! Hakuna mwenye akili timamu anayekula supu ya mwani siku ya mtihani. Mwani unateleza, na mlaji huteleza nao. Ila Haram habakizi kitu kwenye trei. Kwa hiyo: supu ya mwani bwaloni Ijumaa. Mimi nitasema tumbo linauma. Nimemwandikia ombi mpishi mkuu, Mama Yeo, lenye saini themanini. Sabini na tisa nimezitia mwenyewe, kwa mikono yote miwili.

Jumatano, 14 Mei
Mama Yeo amekubali. Amesema miaka kumi na minane hajawahi kuombwa chakula chake kwa maandishi, akafuta macho kwa aproni. Akauliza jina langu. Nilijisikia vibaya kidogo, mpaka kengele ikalia. Kusoma bado. Mkakati kwanza.

Ijumaa, 16 Mei
Balaa. Mama Yeo alijipigia hesabu zake: kijana anayehangaikia supu ya mwani kiasi hiki, basi ni siku yake ya kuzaliwa, maana ndiyo supu ambayo mama wa Kikorea humpikia mwanawe siku hiyo, na huenda mama yake yuko mbali. Nimezaliwa Novemba! Mama yangu yuko nyumbani! Akaniita mbele na bakuli kama beseni. Wanafunzi mia nne wakaniimbia. Nikasema tumbo linauma.

“Kunywa, Gyuwon mwanangu,” akasema. “Hiyo ndiyo dawa ya tumbo.”

Mwalimu Bang, msimamizi wa timu, akasimama nyuma yangu kuuliza nimetimiza miaka mingapi. Nikanywa. Mama Yeo akaongeza. Nikanywa. Akaongeza tena. Haram alimaliza yake, akaja kunipa kalamu yake mpya iwe zawadi, akaomba radhi kwamba hakujua.

Saa saba, mtihani. Swali la kwanza: eleza kile mtu anachokikosa anapotumia muda wake kwa jambo moja badala ya jingine, na utoe mfano kutoka maisha yako ya wiki hii. Nilikodoa macho nusu saa. Mfano sikupata.

Jumatatu, 19 Mei
Haram tisini na sita. Mimi thelathini na nne. Lakini tazama ushahidi: mimi bakuli tatu, yeye moja. Bila hiyo moja angepata mia. Supu inafanya kazi, ila niliielekeza vibaya.

Bibi alipiga simu. Akina mama wa sokoni wamechanga pweza mkavu aniletee siku ya mashindano, nile nipate nguvu. Nilishindwa kumwambia. Nilisema asante, nikaenda kujifungia chooni. Iliniuma kweli.

Jumanne, 20 Mei
Mungu hamtupi mja wake. Mwanatimu mmoja wa mwaka wa tatu amejitoa; mama yake anataka ahudhurie masomo ya ziada. Nafasi iko wazi tena! Mchujo Alhamisi, nina washindani watano. Haram amekuja mwenyewe kabla sijamwomba. Anasema jioni mbili zinatosha, atanifundisha sura zote, tena yeye atabeba chakula.

Nimemwambia sina muda. Watu wote watano watataka peremende ya kunata, ile inayoliwa kabla ya mtihani ili mtu aishike nafasi asiteleze. Nikiwahi kuzinunua zote mtaani, watashika nini? Maduka ni kumi na manne.

Haram aliguna. Akauliza, sasa anisaidieje?

Nimemwomba aniazime baiskeli.